Kutembea Peke Yako Gede: Mwongozo Kamili wa Siku Moja kwa Kufuata Visima

Wengi wetu tuliokulia Malindi tulipelekwa Gede mara moja tu, kwa basi la shule, tukiwa na sare na tumeshikana mikono wawili wawili. Tukaonyeshwa jumba la mfalme, tukahesabiwa, tukarudishwa. Ziara ya namna hiyo humwachia mtoto kumbukumbu ya kima na soda, lakini mji wenyewe haumwingii. Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayetaka kurudi huko bila kundi, kwa siku nzima, akitembea kwa mwendo wake mwenyewe katika magofu na katika msitu unaoyafunika. Nimeizunguka sehemu hiyo kwa mipango kadhaa, nikianzia mara jumbani, mara makaburini, mara popote miguu iliponipeleka, na mwishowe nimekata shauri kwamba aliye peke yake afuate maji. Aanze na kisima cha msikiti, aingie majumbani kwa kutazama mabirika na vyoo, kisha amalizie siku chini ya miti, ambayo ndiyo inayoyanywa maji yale leo.

Kabla ya kutoka nyumbani inafaa kujua machache. Gede ulikuwa mji wa Waswahili, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa kama miji mingine ya pwani hii ya Kenya, ukastawi zaidi katika karne ya 14 na ya 15, na ukahamwa kabisa mwanzoni mwa karne ya 17. Jambo linalowashangaza wanahistoria ni kwamba Wareno, waliopokewa Malindi tangu Vasco da Gama alipotia nanga mwaka 1498, hawakuacha habari yoyote ya wazi kuhusu mji huu mkubwa uliokuwa umbali wa kilomita kumi na tano hivi kutoka bandari waliyoizoea. Magofu yalitangazwa kuwa mahali pa kihistoria mwaka 1927. Mwanaakiolojia James Kirkman akayachimba kwa miaka kumi, kuanzia 1948 hadi 1958. Na Julai 2024 UNESCO ikauingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tarehe ya 1927 ndiyo ninayokusihi uikumbuke utakapokuwa ndani, kwa sababu ulinzi ule haukuzihifadhi kuta peke yake. Mashamba ya nje yalipokuwa yakifyekwa kwa mihindi, minazi na mikorosho, miti iliyoota juu ya mji iliachwa isimame, na ndiyo maana leo unatembelea gofu na bustani kwa tiketi moja.

Kuchagua siku

Miezi ya demani, yaani Agosti hadi Oktoba, ndiyo ninayoipendelea: jua halijawa kali, upepo wa kusi umeanza kulegea, na njia ni kavu. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, joto ni kubwa, lakini miti mingi hupukutisha majani na kuta huonekana kwa mbali zaidi, kwa hiyo anayependa kuangalia majengo kuliko kivuli anaweza kuvumilia jasho. Masika, hasa mwezi wa Mei, usiende; vijia huteleza, mbu ni wengi, na mawe yenye ukungu wa kijani yamewaangusha watu wenye miguu imara kuliko yangu.

Katikati ya juma ni bora kuliko Jumamosi na Jumapili, ila mabasi ya shule huja siku hizo hizo, mara nyingi baada ya saa nne asubuhi. Kwa hiyo shabaha yako iwe kufika langoni asubuhi mapema na kuuona msikiti na jumba kabla ya watoto, kisha uingie kwenye vijia vya mbali wakati wao wanapolijaza jumba. Anayeswali Ijumaa msikitini achague siku nyingine, kwa kuwa kutoka katikati ya ziara kwenda kuwahi hutuba humvunjia mtu mtiririko wote.

Vitu vya kubeba

Beba maji lita mbili, hata kama jamaa zako watakuambia kwamba unakwenda Gede na si jangwani. Vaa viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu ardhi imejaa mawe yenye ncha na majani makavu yanayoficha mashimo, na suruali au nguo ndefu itakayokukinga na mbu na upupu. Mwanamke atafurahi kuwa na leso ya ziada: hufunika mabega, hukaliwa wakati wa kupumzika, na hutandikwa chini anapotaka kuswali. Tia pia daftari, kalamu na tochi ndogo. Tochi ni ya kuchungulia visimani na katika vyumba vya ghala, na ile ya simu humaliza chaji unayoihitaji kwa malipo na kwa safari ya kurudi.

Kuhusu chakula, kula asubuhi kabla ya kuondoka. Mahamri na mbaazi za Malindi zitakufikisha hadi saa saba bila taabu. Usiingie ndani na chakula kinachonuka au kilichofungwa kwa mfuko wa karatasi, maana kima wa Gede wamewasoma wageni kwa miaka mingi na wanaujua mkoba kuliko mwenye mkoba. Mimi niliwahi kunyang'anywa hamri mbili nikiwa nimekaa kwenye baraza la msikiti, na aliyezichukua alipanda juu ya ukuta akazila akinitazama. Usiwape chochote kwa hiari yako pia, kwa sababu kima aliyezoea kulishwa humvamia mtoto atakayekuja kesho.

Jambo la mwisho, ambalo kwa mtu wa peke yake ni la lazima: mwambie mtu mmoja wa nyumbani unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Shangazi yangu, kila nikimuaga, huniuliza, "Magofuni peke yako, mwanangu? Na wenyewe je?" Wenyewe anaokusudia ni wazee wa mji ule, ambao watu wengi wa huku, Waswahili na Wagiriama, huamini kwamba bado wanapalinda. Uamini au usiamini, heshima inayotokana na imani hiyo ndiyo kanuni bora ya kutembelea: usipande kuta, usiokote kigae, usivunje tawi, na ukikuta chini ya mti mkubwa kitambaa au sahani iliyowekwa na mtu, pita bila kugusa.

Safari na langoni

Kutoka Malindi panda matatu ya kwenda Watamu au ya njia ya Mombasa na umwambie utingo akushushe Gede. Mwendo ni kama nusu saa, kutegemea mara ambazo gari litasimama. Kutoka njia panda hadi langoni unaweza kwenda kwa miguu, kwa bodaboda au kwa tuktuk. Mimi hushauri kwenda kwa miguu asubuhi, kwa sababu njia inapita kijijini na unapata kununua machungwa au mabuyu ya kula baadaye, na kurudi kwa tuktuk jioni miguu inapokuwa imechoka. Viingilio hutofautiana kati ya raia, wakazi na wageni, na hulipwa kwa simu, hivyo hakikisha una salio kabla ya kutoka mjini.

Langoni utakutana na swali la mwongozaji. Aliyekuja kutafuta upweke hushawishika kukataa, na mara ya kwanza nilikataa nikajuta, kwani nilipita mbele ya mambo matatu makubwa bila kuyajua. Ushauri wangu ni wa kati: mchukue mwongozaji kwa saa moja, patana naye malipo kabla ya kuanza, mwambie wazi kwamba baadaye utabaki peke yako, na mwombe akuonyeshe mipaka ya vijia vinavyoruhusiwa. Mzee wa makamo aliyezaliwa vijiji vya karibu atakutajia miti kwa majina ya nyumbani, jambo ambalo vibao havifanyi.

Msikiti mkuu na kisima chake

Anza hapa, hata kama njia inakuvuta kuelekea jumbani. Msikiti mkuu haukuwa na mnara, kama ilivyokuwa desturi ya pwani yetu kwa karne nyingi; paa lake lilibebwa na safu za nguzo za mraba, ambazo sasa zimebaki kama visiki. Tazama kibla, na matundu ambamo vilikuwa vimebandikwa vibakuli vya kaure. Tazama mimbari ya mawe upande wake wa kulia. Kisha utafute juu ya tao la mlango mmoja mchongo wa jani la mkuki. Usiharakishe. Keti ukutani upande wa kivuli mpaka macho yayazoee mawe.

Kibla hiki kina kazi nyingine kwa mtembezi wa peke yake. Makka iko karibu kabisa kaskazini mwa pwani yetu, na kwa hiyo kila kibla utakachokikuta Gede, cha msikiti mkuu na cha misikiti midogo iliyotawanyika, kinakuonyesha kaskazini. Adhuhuri jua huwa juu ya utosi na kivuli hakikuelekezi popote, na chini ya miti simu hupoteza mtandao. Lakini ukishajua msikiti uko upande gani wako, hupotei. Chora katika daftari ramani ndogo: kibla juu, kisima pembeni, jumba jirani, na uongeze kila jengo unalolifikia.

Sasa nenda kisimani. Kisima kimejengewa mawe, na kando yake kuna birika la kutawadhia na mahali pa kusugulia miguu kabla ya kuingia kuswali. Simama pale uangalie njia yaliyopita maji: kutoka shimoni kwa kamba na ndoo, kwenda birikani, kutoka birikani kwa kata hadi mikononi, kisha mferejini. Mji huu haukuwa na mto. Bahari iko kilomita kadhaa, na maji yake hayanyweki. Kila tone la kupikia, la kuogea na la udhu lilivutwa kwa mikono kutoka chini ya mwamba wa matumbawe, na katika sababu zinazotajwa za kuhamwa kwa mji, pamoja na uvamizi wa Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, mwishoni mwa karne ya 16, mashambulizi ya Waoromo waliokuwa wakishuka kutoka kaskazini, na kuhamia kwa watawala wa Malindi Mombasa, kushuka kwa maji visimani ni mojawapo. Mimi naona sababu hiyo ndiyo inayoeleweka kwa haraka zaidi ukiwa umeinamia kisima kikavu na tochi mkononi. Usiegemee ukingo, lakini. Mawe ya juu yamelegea mahali pengine.

Makaburi, jumba na nyumba

Kutoka msikitini pitia kaburi lenye tarehe. Maandishi yake yanataja mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399 Miladi, na tarehe hiyo imewasaidia sana watafiti katika kupima umri wa majengo mengine. Karibu kuna makaburi ya nguzo, ambayo mtu wa Malindi anayajua kwa yale yaliyo ufukweni mjini kwake. Soma dua unayoijua, uendelee.

Jumba ni kubwa na linachanganya, kwa sababu vyumba vyake vinafanana na viwanda vyake, yaani nyua za ndani, vimeshushwa chini ya usawa wa milango. Usijaribu kukisia kila chumba kilikuwa cha nani. Fuata maji tena: tafuta kisima, tafuta vyoo na mahali pa kuogea, na uangalie jinsi vilivyofichwa nyuma ya kona ili anayeingia kutoka uani asione. Ukishajua maji yako wapi, utajua pia wapi walikaa wenyeji na wapi walipokewa wageni, kwani mgeni hakupitishwa penye faragha. Tafuta vilevile chumba kisicho na mlango. Kiliingiwa kwa ngazi kupitia tundu la juu ukutani, na ndimo zilimowekwa mali.

Kandokando ya jumba kuna nyumba zipatazo kumi na nne, na hapa ndipo ziara ya peke yako inapolipa gharama yake. Kirkman alizipa nyumba hizo majina kwa vitu alivyovikuta: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venisi, Nyumba ya Birika, Nyumba ya Fedha za China. Majina ya wenye nyumba yamepotea. Kilichobaki ni mkasi wa mtu. Chagua nyumba mbili tu na uzikalie kila moja nusu saa, badala ya kuzipitia zote kwa dakika tatu tatu. Mimi huchagua Nyumba ya Birika, kwa sababu ya maji, na Nyumba ya Mkasi, kwa sababu isiyokuwa ya maana yoyote isipokuwa kwamba nyanya yangu alikuwa mshoni. Ingia kwa kupitia daka, yaani ukumbi wa mlangoni, keti barazani, kisha nenda kiwandani na vyumba vya nyuma kwa utaratibu ambao mgeni angekaribishwa. Ukiizoea nyumba moja kwa namna hii, nyingine zote utazisoma bila kufundishwa, kwa sababu mpango wake ni ule ule ambao nyumba za mawe za Lamu zinaufuata mpaka leo.

Kati ya kuta mbili

Mji ulizungukwa na kuta mbili. Ukuta wa ndani uliwazunguka wenye majumba ya mawe. Wa nje, uliojengwa karne ya 15, ulizunguka eneo la ekari kama 45. Kati ya kuta hizo inadhaniwa waliishi watu wa kawaida katika nyumba za udongo, na nyumba hizo hazikuacha kuta za kupigiwa picha, kwa hiyo watalii wengi hawafiki. Fika wewe, kati ya saa tano na saa saba, wakati jumba limejaa makundi.

Huku ndiko bustani ilipo hasa. Mibuyu ni minene na mingine imeegemea kuta kana kwamba ilikaribishwa kukaa. Mikwaju inatoa kivuli cha baridi. Mifune inapaa moja kwa moja juu ya mingine. Na mitini imeshusha mizizi juu ya mawe hadi huwezi kujua kama mti unauangusha ukuta au unaushikilia. Baadhi ya miti imewekewa vibao vya majina. Soma kibao, kisha funga macho na uguse gome, ili safari ijayo uutambue bila kibao. Utakapoona mzizi umeingia ndani ya shimo la kisima kilichosahauliwa, simama: maji yaliyomshinda binadamu, mti umeyafikia.

Tembea polepole na katikati ya kijia. Majani makavu yakisikika yakichakurwa kwa haraka na kwa vituo, huenda ni sengi mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayopindapinda, anayepatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Kenya. Hujenga kiota chake kwa majani makavu chini, hivyo usikanyage rundo la majani. Sababu ya pili ya kutokanyaga ni kifutu, ambaye hupenda kulala juu ya majani ya rangi yake na hakimbii mtu anapokaribia. Nyoka wengine watakupisha wenyewe ukitembea kwa vishindo vya kawaida.

Mchana na alasiri

Saa saba toka nje, upate kivuli, chakula na choo. Viazi karai, samaki wa kukaanga au wali utavipata kijijini. Karibu na lango kuna makumbusho madogo ya vitu vilivyochimbwa, na ni vizuri kuyaingia sasa, baada ya kuziona nyumba, ili kila kibakuli ukirudishe akilini mahali pake. Pale pale pana mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993, ambao wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi na kuuza pupa kwa maonyesho ya vipepeo ya nchi za nje. Nusu saa inatosha. Uliza mimea inayolishwa viwavi ni ipi, kwa sababu mkulima anayehitaji majani ya msituni kila juma hana haraka ya kuufyeka.

Alasiri chagua jambo moja. Arabuko-Sokoke, msitu mkubwa kabisa uliosalia wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki, wenye kilomita za mraba kama 420, una lango lake barabarani karibu na Gede, lakini usiingie humo peke yako. Ni mkubwa, una ndovu, na vijia vyake havisamehi. Chukua mwongozaji au uuachie siku nyingine. Kwa aliyechoka kidogo ninapendekeza hori la Mida, yaani mkono wa bahari, ambako kuna daraja la mbao na kamba linalopita juu ya mikoko hadi penye kibanda cha kutazamia ndege. Uliza kwanza habari za maji. Yakiwa yanakupwa, ndege hushuka kwenye matope kutafuta chakula, na kuanzia Oktoba hadi Aprili wamo waliotoka Ulaya na Asia. Yakijaa, utaona mikoko imesimama ndani ya maji ya chumvi, maji yasiyonyweka ambayo watu wa Gede waliyajua na ambayo hayakuwasaidia kisimani.

Ondoka kabla ya saa kumi na mbili jioni. Rudi njia panda, simama upande wa Malindi penye watu na taa, na usisubiri gari tupu. Matatu huwa chache baada ya magharibi na nauli hupanda. Nyumbani, kabla ya kuketi, vua viatu nje, kung'uta leso, na ukague vifundo vya miguu na nyuma ya magoti, kwa maana kupe wa msituni ni wadogo kuliko punje ya ufuta. Kisha ifungue ile ramani ya daftarini ukiwa bado unakumbuka, na uandike kando ya kila jengo kama uliona maji yake au hukuyaona.